Simu ya Intaneti kwa Biashara: Pima Kwanza, Kifaa Kinunuliwe Mwisho

Biashara nyingi katika mikoa ya Mbeya na Iringa zinategemea namba moja iliyomo ndani ya simu ya mtu mmoja. Mteja anayetafuta mbao Mafinga, mchele Ubaruku au parachichi Tukuyu hupiga namba ya katibu wa chama, ya mwenye duka au ya kijana wake. Mhusika akiwa shambani au akiwa amelazwa hospitalini, simu haipokelewi na mteja hutafuta kwingine. Akiacha kazi, huondoka na namba hiyo, na wateja waliokusanywa kwa miaka mingi huondoka pamoja nayo.

Kwa sababu hiyo, wafanyabiashara, vyama vya ushirika na vikundi vya wajasiriamali wanazidi kuulizia simu zinazotumia intaneti pamoja na programu za mawasiliano ya biashara. Huduma hii ina manufaa ya kweli, lakini pia inaweza kumaliza mtaji mdogo wa kikundi endapo itanunuliwa kwa pupa. Makala haya yanaeleza namna inavyofanya kazi na mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyapima. Jambo kuu la kuzingatia ni kwamba kifaa cha simu huchaguliwa mwisho. Kabla yake ipo namba, ipo intaneti, upo umeme na ipo programu.

SIMU YA INTANETI NI NINI?

Simu ya mezani ya zamani ilitumia waya wa shaba kutoka ofisini hadi kwenye kituo cha simu. Wenye kumbukumbu watazitambua namba zake kwa tarakimu za mwanzo: 025 kwa Mbeya na 026 kwa Iringa. Simu ya intaneti haina waya wake peke yake. Hugawa sauti katika vipande vidogo vya data, kila kimoja kikibeba kwa kawaida milisekunde 20 za mazungumzo, na kuvisafirisha katika intaneti ileile inayopitisha barua pepe na picha. Upande wa pili vipande hivyo huunganishwa tena na kuwa sauti.

Programu ya mawasiliano hufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na swichibodi. Mteja hupiga namba moja ya biashara. Programu humkaribisha, humpeleka kwa mhasibu, kwa mpokea mazao au ghalani, na kama hakuna anayepokea, huhifadhi ujumbe wake wa sauti. Kila mhudumu hupewa namba fupi ya ndani, kwa mfano 101 au 102. Mwenye biashara huona orodha ya simu zote zilizopokelewa na zile zilizokosa mtu wa kuzipokea, hata akiwa safarini. Mhudumu akiondoka, namba yake ya ndani hukabidhiwa mwingine na namba ya biashara hubaki palepale.

Programu hizo ni za aina mbili. Zipo zinazokaa katika kompyuta za kampuni ya huduma, ambazo mteja hulipia kila mwezi, mara nyingi kwa kuhesabu idadi ya watumiaji. Zipo pia zinazowekwa katika kompyuta ya ofisi yenyewe. Asterisk, iliyoanzishwa mwaka 1999, ni mojawapo ya programu za aina hii ya pili na hupatikana bila ada ya leseni, ingawa huhitaji fundi mwenye ujuzi wa kuisimika na kuitunza. Kwa ofisi yenye watu watatu au wanne na isiyo na fundi wake, aina ya kwanza huwa rahisi zaidi kuanza nayo.

JAMBO LA KWANZA: NAMBA

Wajasiriamali wengi wamezoea kutumia WhatsApp Business, na kwa kazi nyingi inatosha. Hata hivyo, simu ya WhatsApp hupokelewa na mwenye WhatsApp peke yake. Mkulima mwenye kitochi hawezi kuipiga. Biashara inayohudumia wakulima, wazee au madereva walio njiani inahitaji namba ambayo simu yoyote ya kawaida inaweza kuipiga. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtoa huduma ni hili: je, programu inakuja na namba ya Tanzania inayopigika kutoka mitandao yote?

Swali la pili ni nani mwenye namba hiyo. Tangu tarehe 1 Machi 2017, mteja wa simu za mkononi nchini anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba yake. Usidhani kwamba haki hiyo inahusu moja kwa moja kila namba inayotolewa pamoja na programu ya intaneti. Uliza, na upate jibu kwa maandishi, iwapo unaweza kuondoka na namba yako utakapohamia kwingine. Iandikishwe kwa jina la biashara au chama, wala si kwa jina la fundi aliyekuja kuifunga.

Umuhimu wa swali hili umeonekana duniani. Skype, iliyoanza mwaka 2003 na kuzoeza mamilioni ya watu kupiga simu kwa intaneti, ilifungwa na kampuni ya Microsoft tarehe 5 Mei 2025. Ikiwa huduma kubwa kiasi hicho inaweza kufikia mwisho, mfanyabiashara wa kawaida hana budi kujua mapema atatokaje katika huduma anayoingia.

JAMBO LA PILI: INTANETI

Mikoa yetu ina bahati ya kupitiwa na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao unatoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, mpakani mwa Zambia. Hata hivyo, mkongo kupita barabarani hakumaanishi kwamba duka lililo kilomita kumi kutoka barabarani limeunganishwa. Katika miji, baadhi ya mitaa imefikiwa na faiba. Katika kata nyingi za vijijini, intaneti bado ni ile ya minara ya simu, na milima ya Uporoto na Udzungwa huzuia mawimbi kiasi kwamba nyumba mbili zilizo jirani zaweza kutofautiana kabisa.

Watu wengi huuliza juu ya kasi tu. Kwa kweli simu haihitaji kasi kubwa. Kwa ubora wa kawaida, mazungumzo ya mtu mmoja huhitaji takriban kilobiti 100 kwa sekunde kwenda na nyingine 100 kurudi. Chama chenye watu wanne wanaozungumza kwa wakati mmoja kinahitaji kilobiti 400 kila upande. Ukiacha nafasi kwa ajili ya kompyuta na matumizi mengine, megabiti 1 hadi 2 zilizo imara zaweza kutosha. Matumizi ya data ni takriban megabaiti 90 kwa saa moja ya mazungumzo. Ofisi inayozungumza jumla ya saa tatu kwa siku, siku 26 kwa mwezi, itatumia karibu gigabaiti 7. Baadhi ya programu hubana sauti zaidi na kutumia theluthi moja ya kiasi hicho.

Kinachoharibu mazungumzo ni kuchelewa na kupotea kwa vipande vya sauti. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linashauri ucheleweshaji wa sauti kwa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yawe ya kawaida. Ukizidi sana, wazungumzaji huanza kukatishana maneno. Vivyo hivyo, vipande vinavyopotea vikizidi kimoja katika kila mia, sauti huanza kukwaruza na kukatika.

Namna rahisi ya kupima ni kuomba majaribio kabla ya kulipa. Weka programu katika simu janja mbili, kisha piga simu kutoka mahali pale pale biashara ilipo: asubuhi, mchana na jioni, kwa muda wa wiki nzima, siku ya gulio ikiwamo. Mnara uleule unaofanya vizuri saa mbili asubuhi huweza kuelemewa watu wanapojaa mnadani. Pima pia wakati wa mvua. Kama sauti inakatika mara kwa mara katika majaribio, hakuna simu ya mezani, hata iwe ya bei gani, itakayoondoa tatizo hilo.

Ni vyema pia kuwa na njia ya akiba. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilidhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwao. Katika siku kama hiyo, programu ambayo kompyuta zake ziko nje ya nchi inaweza kukwama hata kwa wahudumu wawili walioketi katika chumba kimoja. Muulize mtoa huduma kama programu yake inaweza kuelekeza simu kwenye laini ya kawaida ya mkononi intaneti inapokatika, na umwombe akuonyeshe kwa vitendo.

JAMBO LA TATU: UMEME NA RADI

Simu ya mezani ya zamani ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu kupitia waya ule ule wa shaba, ndiyo maana iliendelea kulia hata nyumba ikiwa gizani. Simu ya intaneti haiko hivyo. Umeme ukikatika, ruta huzima, na simu zote huzima nayo.

Hesabu ya akiba si ngumu. Ruta moja na simu tatu za mezani hutumia kwa pamoja takriban wati 30. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 18 huhifadhi wati-saa 216. Ukitumia nusu tu ili betri isichakae mapema, utapata karibu saa tatu na nusu. Ukitoa umeme unaopotea katika kuugeuza, hesabu saa tatu. Anayetumia programu katika simu janja ana nafuu, kwa kuwa simu hiyo ina betri yake. Atahitaji akiba ya ruta tu, au kuhamia kwenye bando la simu yenyewe.

Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini wanaijua radi ya masika. Radi huingia kwa nyaya za umeme, na huingia pia kwa nyaya za mtandao zinazovutwa nje kutoka jengo hadi jengo. Mwenye ofisi na ghala vilivyoachana asivute waya wa shaba wa mtandao juu ya ardhi bila kinga na bila mfumo wa ardhi uliopimwa na fundi umeme mwenye leseni. Kwa umbali huo, faiba au kiunganishi cha mawimbi ni salama zaidi.

JAMBO LA NNE: PROGRAMU NA GHARAMA ZAKE

Bei inayotangazwa mara nyingi ni ya mtumiaji mmoja kwa mwezi. Zidisha kwa idadi ya wahudumu, kisha kwa miezi 12, ndipo ulinganishe. Huduma nyingine hutozwa kwa dola, hivyo ada kwa shilingi hupanda na kushuka. Ongeza dakika za kupiga kwenda mitandao ya kawaida, kwa sababu neno "bure" aghalabu lina maana ya simu za ndani kwa ndani tu. Ongeza pia intaneti, betri, na fundi wa matengenezo.

Kikundi kilichopata mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, unaotolewa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kinashauriwa kuzingatia hesabu hiyo kwa makini zaidi. Ada ya kila mwezi hulipwa hata mwezi ambao mauzo yameshuka, na marejesho ya mkopo nayo husubiri tarehe ile ile. Biashara ya mtu mmoja yenye simu kumi kwa siku huenda isihitaji huduma hii kabisa. Laini ya pili ya mkononi iliyosajiliwa kwa ajili ya biashara, ikitumika pamoja na WhatsApp Business, yaweza kutosha.

SASA KIFAA

Baada ya hayo manne kujulikana, uchaguzi wa kifaa huwa mwepesi. Zipo njia nne.

Ya kwanza ni kutonunua simu mpya, bali kuweka programu katika simu janja au kompyuta iliyopo, pamoja na vipokea sauti vya kichwani vyenye kipaza sauti kizuri. Inafaa kwa anayeanza na kwa anayetembea sana. Kasoro yake ni kwamba simu janja ikiisha chaji au ikiwa na programu nyingi, simu ya mteja inaweza isilie.

Ya pili ni simu ya mezani ya intaneti. Inafaa kwa mapokezi ya nyumba ya wageni, zahanati binafsi au ofisi ya chama, mahali ambapo mtu yupo muda wote na sauti safi inahitajika. Chagua yenye uwezo wa kupokea umeme kupitia waya wa mtandao, kwa kuwa hapo betri moja iliyo kwenye swichi ya mtandao hulisha simu zote.

Ya tatu ni adapta inayounganisha simu ya mezani ya zamani na intaneti. Ofisi yenye simu nzima za zamani haina haja ya kuzitupa.

Ya nne ni simu isiyo na waya ya ofisini, yenye kituo chake cha kuunganishia. Hufika takriban meta 50 ndani ya majengo na hadi meta 300 penye uwazi, hivyo hufaa kwa ghala, kiwanda cha mbao au uwanja wa kupakia mazao.

Kwa njia tatu za mwisho, hakikisha kifaa kinatumia itifaki ya SIP, ambayo ni lugha ya pamoja ya simu za intaneti inayotumiwa na watengenezaji wengi, wakiwamo Yealink, Grandstream na Fanvil. Kifaa cha namna hiyo huhamishika kutoka huduma moja hadi nyingine. Kinyume chake, baadhi ya simu hutengenezwa mahsusi kwa programu moja, kwa mfano Microsoft Teams, na nyingine hufungwa na muuzaji zisifanye kazi na mshindani wake. Simu iliyofungwa inaweza kuuzwa kwa bei nafuu au hata kutolewa bure, lakini siku utakapohama huduma itakuwa haina kazi. Muulize muuzaji kama imefungwa, na jibu liandikwe kwenye risiti.

USALAMA NA SHERIA

Kifaa hutoka kiwandani na neno la siri linalofahamika na kila mtu. Libadilishwe siku ya kwanza. Wahalifu hutafuta simu za intaneti zenye maneno dhaifu ya siri, huzitumia usiku kupiga namba ghali za nje ya nchi, na deni humwangukia mwenye biashara. Kama huna wateja wa nje, agiza simu za kimataifa zizuiwe, na utumie huduma ya malipo ya kabla.

Mwananchi ajihadhari pia na mtu anayeomba kuweka dukani kwake kifaa chenye laini nyingi za simu kwa ahadi ya kulipa kodi nzuri. Vifaa vya aina hiyo hutumika kupenyeza simu za kimataifa zionekane kama za ndani. Ni kosa la jinai, na watu wamefikishwa mahakamani nchini kwa makosa ya namna hiyo. Huduma ya namba na simu ichukuliwe kwa mtoa huduma mwenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na vifaa viwe vile vilivyoidhinishwa na mamlaka hiyo.

Programu nyingi zina uwezo wa kurekodi mazungumzo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na sababu halali na awajulishe wahusika. Mteja aambiwe mwanzoni kwamba anarekodiwa, na rekodi zisikae mikononi mwa kila mhudumu.

Mwisho, usiondoe simu ya kawaida yenye laini ofisini. Kwa dharura ya polisi (112) au ya zimamoto na uokoaji (114), simu ya intaneti inaweza kuwa imezimika kwa kukosa umeme, au isiweze kuonyesha mahali ulipo.

MSAADA UNAPOPATIKANA

Mwananchi anayekusudia kutumia huduma hii anakaribishwa kufika Halmashauri katika Kitengo cha TEHAMA kwa ushauri wa kitaalamu, na katika Divisheni ya Viwanda, Biashara na Uwekezaji kwa ushauri wa biashara, kabla ya kusaini mkataba wowote. Aje na mambo matatu yaliyoandikwa: idadi ya simu anazopokea kwa siku, matokeo ya majaribio ya wiki moja, na nakala ya mkataba aliopewa. Mwenye malalamiko juu ya huduma ayapeleke kwanza kwa mtoa huduma wake. Asiporidhika, ayafikishe TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya.

Namba ya biashara ni mali ya biashara, kama ilivyo mizani au ghala. Ipatiwe mahali pa kukaa ambapo haitaondoka na mtu, haitazimika na umeme, wala haitafungiwa ndani ya kifaa kimoja.